Asilaumiwe Aliyenifundisha Kupogoa

Agness, funga mlango, kisha niinue kidogo niegemee ukuta. Elick, panga hilo liache nje, uje uketi hapa nikuone uso. Sikilizeni wanangu, kwa kuwa pumzi niliyobaki nayo ni ya neno moja tu, na neno lenyewe nimelificha mwaka na nusu kwa woga, nikisahau kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Naogopa. Kifo chenyewe sikiogopi sana, padri ameshanipaka mafuta. Naogopa siku mtakazobaki peke yenu baada ya kunizika. Nimekuona, Elick, tangu uliponitoa kwa yule mganga wa Lusahunga, aliyesema mama yako amefungwa kwenye mizabibu na aliyemfunga ni jirani aliyetoka mbali. Tangu siku hiyo mzee Ndikumana akipita humpi shikamoo. Juzi na jana nimelisikia panga likinolewa kwenye jiwe la uani, na sijaona kuni zilizokatwa.

Basi nianze na mizabibu. Baba yenu Leonidas alileta vipando vitatu kutoka Dodoma akavipanda nyuma ya nyumba, na Nyamigogo nzima ikamcheka. Mwaka aliofariki alikuwa anaipogoa kwa panga lenye kutu, likamkata kidole, akafunga kitambaa akaendelea na kazi. Siku ya tisa taya zikakaza, pepopunda ikamchukua. Mnajua watu walivyosema, kwamba mti ule hautaki chuma na atakayeukata atamfuata mwenyewe. Nami niliamini. Miaka minane sikuigusa, ikapanda juu ya paa, ikafunika choo, ikawa makao ya nyoka.

Nilipokuja kushika mkasi ilikuwa kwa hamu ya kumkumbuka baba yenu, ujuzi sikuwa nao. Nikafanya kama tufanyavyo kwenye mibuni: nikaondoa matawi machanga yote nikidhani ni maotea yanayonyonya mti bure, nikaacha matawi ya zamani. Mwaka mzima sikupata hata punje. Ndikumana alikuwa akinitazama ng'ambo ya ua wa minyaa, akisita, maana mgeni hata akikaa miaka arobaini huogopa kusema; hatimaye akaniambia kwamba ujanani alikuwa kibarua wa zabibu huko Dodoma, na kwamba mzabibu huzaa kwenye chipukizi litokalo katika tawi la mwaka jana, lile lile nililokuwa nalitupa motoni. Mwezi wa nane wa mwaka jana akanionyesha: ondoa vikavu, acha matawi machache ya mwaka jana, na kila tawi liachie macho mawili, vile vifundo vya kuchipulia. Nikakata kama alivyosema. Kesho yake nikakuta maji yanadondoka kwenye kila jeraha, nikamkimbilia nikilia kwamba nimeua mti wa marehemu na sasa ni zamu yangu. Akasema, "Mwache alie, Mama Elick. Aliyekufa halii." Krismasi ile zabibu mlizila wenyewe, na Agness ulibeba ndoo nzima ukaenda nayo kwa wakwe zako Nemba.

Sasa neno lenyewe. Uvimbe huu wa titi ulianza kabla Ndikumana hajashika hata jani la mzabibu wangu. Daktari aliniandikia barua niende Mwanza nikapasuliwe, nami nikaificha ndani ya kitabu changu cha nyimbo, kwa kuwa niliogopa kisu. Mti nilijifunza kuukata, ukapona. Mwili wangu nikaukatalia. Hakuna aliyenifunga, wanangu, ni mimi mwenyewe. Agness, barua hiyo itoe, usome tarehe yake mbele ya waombolezaji, sauti itoke, kabla jeneza halijatoka ndani.

Migomba ni ya Elick. Shamba la mihogo kando ya barabara ni la Agness, na asiseme mtu kwamba ameshaolewa. Mpaka wetu na Ndikumana ni ile minyaa aliyoipanda yeye pamoja na baba yenu, asiisogeze mtu.

Lililobaki ni amri. Mila inasema chuma kisiingie shambani mpaka matanga yaanuliwe. Mwiko huo nauvunja mimi mwenye msiba wangu, kwa kuwa mvua ya mwezi wa tisa haisubiri matanga. Siku ya tatu, watu wangali uani, Elick, nenda kwa Ndikumana mikono mitupu, mpe shikamoo, mwombe aje. Mkasi uko chini ya kitanda hiki, nimeupaka mafuta. Ukate wewe, yeye asimame karibu yako akuelekeze, na kila aliyekuja kunililia aone. Mganga ametaja mtu, na watu wa hapa tunajua mzee aliyetajwa huwa anaamkia wapi. Nisiende kaburini na damu ya mtu aliyenitendea wema.

Leta mkono. Huo wa kulia... Agness, maji kidogo. Mungu aliyenipa ninyi awatunze, awape watoto wa kuwazika, asiwatenganishe... Macho mawili, baba, usisahau, kila tawi mawili. Na ukikuta maji yanadondoka, usiogope, kaa nayo tu... Elick. Mkono wako mbona baridi? Niambie ndiyo, mwanangu... sema tu, bado nasikia.