Chuma Kiliponilalia Kifuani

Bwana asifiwe, wapendwa! Hata wewe wa kule nyuma uliyefunika mdomo, Bwana asifiwe!

Ndugu zangu, wenyeji wa Manyatta mnanikumbuka miaka ya themanini. Nilikuwa nafundisha watu kuinua vyuma uani kwangu. Vyuma gani? Bomba la maji, na saruji niliyomwaga kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia! Walikuja makarani, walimu, hata wabeba magunia wa sokoni. Niliwapenda, lakini nilikuwa mkali kama pilipili. Sheria yangu ilikuwa moja: mwanamume hujiinulia. Anayeomba mkono, aende kwao! Karani mmoja mpole aliomba, nikamfukuza mbele ya wenzake. Hakurudi, na wengine wakamfuata.

Asubuhi moja nikalala kwenye benchi kuinua peke yangu. Mikono ikagoma. Chuma kikanilalia kifuani, kikaanza kuja shingoni. Nje nikasikia akina mama wakipita na omena, wale dagaa wetu wa ziwani, kwenda sokoni. Ndugu zangu, niliona haya kuita! Mtu anakufa, na bado anaona haya! Ndipo Mungu akakivunja kile kiburi, nikapiga yowe: "Uwi! Nisaidieni!"

Jirani yangu, Mama Atieno, akatupa karai zima la omena mavumbini, akakimbilia ndani. Yeye na mwenzake wakaniondolea kile chuma. Nilipoanza kupumua, akanigombeza vizuri sana: "Sisi wamama kila siku tunatwikana makarai. Hakuna mtu anajitwika. Sasa wewe ni nani, Baba Ouma?"

Tukaokota omena pamoja, mimi nikilia kama mtoto. Tulipomaliza nikamtwika karai lake. Siku hiyo hiyo nilimtafuta yule karani, nikamwomba msamaha, naye akarudi.

Tangu hapo, mwanafunzi mpya simpi uzito kwanza. Namfundisha kusema "shika!" kabla nguvu hazijamwishia, nami nasimama nyuma yake, mikono yangu chini ya chuma. Karani wangu ana kifua sasa, mwoneni! Na Mama Atieno naye anainua, leso kiunoni. Simama, Mama, wakuone! Nampenda huyu mama, jamani.

Asante Yesu! Ndugu yangu, labda leo kuna kitu kimekulalia, na unasikia watu wakipita tu. Usione haya. Mimi nilikuwa nimebakiwa na pumzi moja, nikaitumia kuita. Ita nawe.