Mzungu Ameshika Shoka la Pido

MERLITA: Haloo? Haloo, Pido?

PIDO: Haloo. Naongea na nani?

MERLITA: Usijifanye. Hii namba ya shangazi Belen unaijua.

PIDO: Namba naijua. Ila shangazi ana sauti nzito kuliko hiyo.

MERLITA: Ni mimi, Merlita. Za huko?

PIDO: Ooo! Shikamoo, mke wa mzungu.

MERLITA: Marahaba, mwanangu. Haya, ukimaliza kejeli uniambie uko wapi.

PIDO: Bandarini. Tiketi ya Manila ninayo mkononi. Sasa hivi wanapakia nguruwe, wakimaliza nguruwe wanatupakia sisi.

MERLITA: Umeondoka bila kuaga.

PIDO: Nimeaga. Nimemuaga mbwa wenu. Ndiye pekee aliyenitazama, wengine wote mlikuwa uani mnamtazama huyo mzungu wenu Breden akichanja kuni.

MERLITA: Tulikuwa tunacheka, Pi—

PIDO: Mimi sikucheka.

[Simu inakwaruza.]

MERLITA: ...nasema hajui! Kwao mtu anachanja kuni kwa mazoezi.

PIDO: Asijue vipi? Mwanamume akichanja kuni kwenye nyumba yenye msichana, hata kuku wanajua anaposa.

MERLITA: Kuku wa kwetu. Kuku wa kwao wanatoka wamekatwakatwa kwenye barafu. Sikiliza basi nikwambie ilivyokuwa. Walipofika wale vijana wa misheni na mafulana yao ya manjano, kiongozi wao aliwagawia kazi. Hawa wafundishe watoto nyimbo za kurukaruka, hawa wagawe miswaki. Breden akaambiwa, zunguka kijijini, utafute familia yenye shida uibariki.

PIDO: Akaja kwenu.

MERLITA: Akamkuta baba amekaa kizingitini, shoka pembeni, miti imelala uani. Wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji. Akasema, maskini, hawa hawana mtu.

PIDO: Hawana mtu! Tangu mavuno ya mwaka jana mgongo wangu uko kwenu! Maji mimi, kuni mimi, paa likivuja mimi! Hawana mtu!

MERLITA: Usinipigie kelele, siyo mimi niliyesema.

PIDO: Na ile miti uani, baba yako si angemwambia kwamba siyo kuni? Zile ni nguzo, Merlita. Nguzo za jiko la mama yako. Nimezishusha mlimani kwa bega hili, moja moja, na mvua ile.

MERLITA: Baba akamwambia. Kwa lugha yetu. Breden akatabasamu, akainua shoka.

PIDO: Zote?

MERLITA: Zote. Kila akipiga anasema haleluya. Kuna moja ilimgomea, akaita wenzake, wakaiwekea mikono, wakaiombea.

PIDO: Nguzo?

MERLITA: Nguzo. Kisha wakapigwa picha.

[Simu inavuma.]

MERLITA: Unacheka?

PIDO: Sicheki. Ni upepo.

MERLITA: Huo upepo una meno, nausikia. Basi ngoja nikupe ya bibi. Breden alimkuta bibi anasali rozari yake, akapiga magoti mbele yake, akamwita mwalimu wa shule amtafsirie. Akamuuliza, mama, unamjua Yesu?

PIDO: Bibi yako huyu? Anayefagia kanisa tangu hatujazaliwa?

MERLITA: Huyo huyo. Bibi akamtazama weee, akamjibu, namjua. Na wewe, mwanangu, umemjua lini?

PIDO: He!

MERLITA: Mtoto wa watu akalia. Kisha akampa mswaki.

PIDO: Bibi ana jino moja!

MERLITA: Na alishukuru sana. Sasa babu anautumia kusugulia miguu ya jogoo wake wa kupigana. Jogoo anang'aa kama bwana harusi.

PIDO: Bwana harusi ni Breden.

MERLITA: Unaona? Tumekwenda vizuri, umerudi palepale.

PIDO: Nimerudi kwa sababu niliona. Sikuambiwa na mtu. Nimepanda na ndoo zangu mbili kutoka kijitoni, nimefika kwenye migomba, nikamwona baba yako anamimina tembo la mnazi kwenye kikombe chake. Chake mwenyewe, kile cha bati. Akampa mzungu. Mimi nimelisubiri hilo tembo mwaka mzima nikiramba midomo. Baba yako hanipi, hasemi, ananitazama tu kama mtu anayetazama mvua. Nikasema sawa, mzee ataongea siku ya kikombe, siku ya kunikubali mkwe. Kumbe siku ya kikombe ndiyo hiyo, na kikombe ni cha mwenye fulana ya manjano. Nikaweka ndoo chini.

MERLITA: Ukaweka ndoo chini.

PIDO: Ndiyo.

MERLITA: Ukageuka.

PIDO: Ulitaka nipige makofi?

MERLITA: Nilitaka ungoje. Ungengoja kidogo tu, kama mtu anayengoja wali uive. Ungeona kilichofuata.

PIDO: Kilifuata nini? Alikunywa au hakunywa?

MERLITA: Huyo mikono yake ilikuwa imejaa malengelenge. Yamepasuka, nyama nje, damu kwenye mpini. Baba akamhurumia. Lile halikuwa tembo la kunywa, Pido. Lile lilikuwa limekaa limegeuka siki. Alimpa aoshee mikono.

[Honi ya meli kwa mbali.]

PIDO: ...Siki?

MERLITA: Siki. Breden akakishika kikombe, akafumba macho, akakiombea kwanza, inzi wanatua. Baba akachoka kungoja, akamshika mkono akammiminia.

PIDO: Akafanyaje?

MERLITA: Haleluya ile waliisikia mpaka ng'ambo ya bonde. Hakuipiga kama zile za kwenye kuni. Hiyo ndiyo haleluya pekee ya kweli aliyoitoa tangu aje.

PIDO: Mama yangu...

MERLITA: Sasa maji ya kwetu yamemshinda, tumbo limemkamata. Mama anamnywesha maji ya majani ya mpera. Amelala barazani kwetu anaimba taratibu.

PIDO: Mbona sasa shangazi Belen alikuwa anamuita mkwe? Nimesikia kwa masikio yangu.

MERLITA: Shangazi anamuita mkwe kila mtu mwenye viatu. Mwalimu ndiye aliyemweleza Breden maana ya kuchanja kuni kwa watu. Ungemwona! Akawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Akakimbia kwa baba, akapiga magoti tena. Huyo na magoti! Akasema ana mchumba kwao, akasema amemkosea ndugu yake. Ndugu yake ni wewe.

PIDO: Lini nimekuwa ndugu yake?

MERLITA: Anataka kukuombea.

PIDO: Aniombee nguzo.

MERLITA: Na kanisani amesimama akatoa ushuhuda. Mwalimu anatafsiri huku anatazama viatu vyake. Eti Bwana alimpeleka kwenye nyumba isiyokuwa na kuni wala mtu wa kuzichanja, na sasa nyumba ile ina kuni.

PIDO: Na haina jiko.

MERLITA: Na haina jiko. Tunapikia mvuani, tunapikia nguzo zako. Zinawaka vizuri kweli, wali umeiva upesi.

PIDO: Merlita!

MERLITA: Sasa niseme uongo?

[Simu inakwaruza. Sauti ya mtu akiita abiria.]

PIDO: Wanaita watu. Wanaanza kupanda.

MERLITA: Jana baba kaniuliza, yule mwingine yuko wapi?

PIDO: Yule mwingine. Hana hata jina langu.

MERLITA: Anayo majina machache, anayatunza. Nikamwambia ameondoka kwa sababu ya mzungu. Akatafuna tambuu yake, akatema. Akasema, mtu anayekimbia kijana mwenye malengelenge, tufani ikija atakimbilia wapi?

PIDO: Amesema hivyo?

MERLITA: Kwake hiyo ni hotuba.

PIDO: Nirudi kijiji kizima kinicheke? Pido aliyekimbia kikombe cha siki?

MERLITA: Wameshakucheka. Hilo limekwisha, usilihesabu.

PIDO: Asante kwa faraja.

MERLITA: Karibu.

PIDO: Kwa hiyo unataka nirudi.

MERLITA: Mimi? Mimi sina haja. Ni jiko la mama ndilo halina nguzo.

PIDO: Jiko la mama yako ndilo limepiga simu?

[Mvua inasikika kwenye simu.]

PIDO: Merlita?

MERLITA: Salio la shangazi linakwisha.

PIDO: Sema basi. Mtu wa mwisho mbele yangu anatoa tiketi. Sema, la sivyo napanda. Manila kuna kazi, kuna watu wanaojua nguzo na kuni ni vitu viwili.

MERLITA: Pido, huku nyumbani mtandao hakuna.

PIDO: Najua.

MERLITA: Nimepanda mpaka kule juu kwenye makaburi. Mvua inanyesha. Nimejifunika jani la mgomba, na shangazi amekaa chini pale ananitazama kwa sababu haniamini na simu yake. Unataka niseme nini tena?

[Honi ya meli, karibu sana.]

MERLITA: Pido? Ni nini hiyo?

PIDO: Wanavuta ngazi.

MERLITA: Na wewe uko upande gani wa ngazi?

PIDO: Begi langu limeshapanda, nililitanguliza—

MERLITA: Sikuuliza begi!

PIDO: Subiri— We kaka! We kaka wa kamba! Lile la bluu, lile pale juu ya— Nishushie! Nishushie bwana, mimi siendi! ...Shika adabu yako na wewe!

MERLITA: Pido? Pido!

PIDO: Limekwenda.

MERLITA: Nini kimekwenda?

PIDO: Begi. Mashati yangu, suruali ya kanisani, panga langu. Vyote vinakwenda Manila kutafuta kazi.

MERLITA: [anacheka mpaka anakohoa] Vikipata vitakutumia!

PIDO: Cheka tu. Nimebaki na ndala na hii fulana niliyovaa.

MERLITA: Siyo ya manjano?

PIDO: Ina tundu, lakini siyo ya manjano.

MERLITA: Basi njoo hivyo hivyo. Ila usije moja kwa moja, utafika kwa baba mikono mitupu. Pitia mlimani.

PIDO: Leo? Na mvua hii, bila panga?

MERLITA: Azima kwa mjomba wako. Leo ukate nguzo moja tu, baba aione imelala uani akiamka. Na uchonge ncha zote mbili, hata kipofu ajue kwamba ni nguzo.

PIDO: Na njia ya kijitoni inateleza, nitaibebaje peke ya—

MERLITA: Ukifika kijitoni niite. Nitashika ncha ya pili.

PIDO: We Merlita! Msichana hashiki nguzo ya mchumba wake. Watu watasema tumeshaoana—

MERLITA: Waseme. Haya, shangazi huyo anakuja, salio— Pido, usikawie, kijito kinaja—

[Simu imekatika.]