Fundi Tikisa, Aliyeitilia Shaka Amina ya Binti Yake

Marehemu kaka yetu, aliyejulikana na wengi kwa jina la Fundi Tikisa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mkewe. Alisoma hadi darasa la saba. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kusadiki. Mwalimu akitoa jibu, yeye hukokotoa upya, na viboko vya ujuvi huo alivila.

Ufundi wa kufuli alifundishwa na mjomba wake, kisha akafungua kibanda chake nyuma ya soko. Hakumkabidhi mteja kufuli bila kulitikisa kwanza, hata liwe jipya la dukani. Ndipo jina likamganda.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979. Bibi harusi alikwisha kufika kanisani, kumbe bwana harusi amerudi nyumbani kuhakikisha kama mlango umefungwa. "Nikajua nimeolewa na mlinzi," shemeji husema mpaka leo. Mungu aliwajalia binti mmoja.

Binti huyo ndiye aliyekuwa ombi lake kuu. Kila alfajiri alimwomba Mungu ampe mtoto imani yake mwenyewe, si ya kuazima kwa baba. Sisi wengine tulimsifu binti: anaimba kwaya, zaburi anazo kichwani. Kaka hakudanganyika. "Akiomba, jicho moja liko kwangu," alimwambia dada yake, ambaye ndiye msomaji wa wasifu huu. Ulipofika wakati wa kipaimara, alimwomba mchungaji asubiri. Binti aliumia sana. "Baba, hata kufuli unaliamini kuliko mimi," alisema, akaacha na kwaya.

Miaka ikapita, binti akawa muuguzi. Mara akaanza kutoweka kila Jumatano jioni. Akiulizwa, "Nina shughuli." Dalili ya mvua ni mawingu, kaka akajisemea, akamshuku mwanamume, tena mume wa mtu. Juni 2016 alimfuata, kofia ameishusha machoni, mzee mzima anajibanza nyuma ya nguzo za umeme. Binti akaingia kanisa dogo la bati, mahali ambapo hakuna aliyejua yeye ni mtoto wa nani. Kaka alisimama dirishani. Alimsikia akimlalamikia Mungu juu ya mgonjwa aliyemfia mikononi, kwa maneno ambayo hakuna aliyemfundisha. Akalia, kisha akashukuru.

Kaka alimweleza dada yake peke yake.

"Si umwambie mtoto!"

"Thubutu! Akijua nilimwona, kesho ataomba ili nisikie. Mwache na Mungu wake. Nikifa, mwambie."

Januari 2023 alipatikana na ugonjwa wa figo. Binti alimuuguza mwenyewe. Siku moja, akimbadilishia shuka, aliuliza, "Baba, mpaka leo huniamini?" Kaka aligeukia ukutani. Binti alitoka. Dada ndiye aliyemwona kaka akijifuta machozi kwa shuka.

Alifariki tarehe 2 Novemba 2023, jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti. Ameacha mjane, binti mmoja na dada mmoja.

Mwanetu, inua uso. Baba yako hakukujibu kwa sababu alikuwa amekwisha kuamini. Tangu Jumatano ile hakuliomba tena ombi lile. Kila alfajiri alishukuru tu. Sasa umejua. Naye apumzike kwa amani.