Maman Nyirahabimana Anashuka Mteremko wa Kamembe

Tarehe 30 mwezi wa sita, Maman Nyirahabimana anaacha kazi, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuchunga miti ya mji wetu. Mimi Harerimana, mkata miti namba moja hapa, nilikataa muntu mwingine aandike kwaheri hii. Kalamu inanisumbua, lakini kwa kumjua Maman hakuna anayenipita.

Alirudi kutoka Bukavu akaanza kumwagilia miche kwenye pepinyeri, kitalu cha mji. Baadaye akawa ndiye anayetangulia mbele yetu, akichagua mti gani ukatwe, gani ubaki. Si kwamba alipinga nyumba. Alitukatisha miti mingi ili etaji, yaani ghorofa, zipande na bantu bakae mmoja juu ya mwingine, basimalize kilima chote. Wenye viwanja aliobakatalia kukata balimuita Maman Hapana. Alicheka, akaitika.

Mwaka mmoja alipaka msalaba mwekundu kwenye miti ya kuachwa, pale mteremko wa Kamembe. Kwake yeye, muntu wa kanisa, msalaba ni ulinzi. Lakini kwetu nyumba ikipakwa msalaba mwekundu, inabomolewa. Basi nilikata yote kumi na mmoja, asubuhi moja, bila kupumzika. Kijana gani ataweza? Mvua ikashusha udongo mpaka ndani ya jiko la Maman Nsimire, muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Bahati alikuwa ametoka kuchota maji.

Bantu balitaka nifukuzwe. Nyirahabimana akasimama, akasema: "Rangi ni yangu. Papa Harerimana alikata nilichoandika." Tangu hapo mti wa kubaki anaufunga kamba ya mgomba.

Sasa naogopa, na mimi si muoga, ulizeni yeyote. Kwenye mteremko uleule banaanza jengo la etaji tano. Imebaki miti kumi na tisa, na chini yake kaya thelathini. Kamba zinaoza kila mvua, na ni Maman peke yake anayejua kichwani mti gani umeshika udongo wa nyumba gani. Wiki iliyopita alinipandisha anionyeshe. Kufika mti wa saba, nilikuwa nimesahau wa kwanza. Niliitikia kwa kichwa kama muntu aliyeelewa. Leo nasema ukweli mbele ya wote: sikuelewa.

Asante, Maman, kwa kila hapana. Tunakutakia maisha ya raha kule Nyakabuye, miguu isiyouma na bajukuu karibu. Lakini Jumatatu nitapanda mteremko na msumeno, kulikatia jengo nafasi. Simu usiizime. Usipoitika, sitauwasha.