Nyuma ya Ngozi ya Saba

Sogeeni, Hester na Giles, na mzime hiyo redio, maana pumzi niliyobakiwa nayo sitaki ishindane na mtu. Nyumba gawaneni, vitabu vyangu mpeni yeyote anayejua kusoma, lakini Chama cha Historia ya Sheria msikipe hata kalamu. Nimekuwa mwanachama miaka hamsini na nne, nawajua: watu wazima na shahada zao, kila Novemba wanakula kondoo wa kuokwa, wanasinzia kwenye mhadhara, wakiamka wanagombania tanbihi, kisha wanavishana medali wenyewe kwa wenyewe.

Aliyewazidi wote kwa majivuno ni Auberon Thripp, rais wao. Yeye ndiye aliyetoa kile kitabu cha kijani cha kesi za mji wa Lincoln, zilizoandikwa kwenye ngozi za kondoo miaka mia saba iliyopita, na humo mjane Alditha ananyongwa kwa wizi wa farasi. Tangu hapo kila profesa akitaka mfano wa mwizi anamtaja Alditha. Sikilizeni basi. Karani wa zamani ngozi ikimwishia aliigeuza akaendelea kuandika nyuma, na wakati wa kunakili kitabu ngozi ya saba haikugeuzwa. Nyuma yake imeandikwa kwamba shemeji yake Alditha alikiri kuwa mwizi ni yeye, na mjane akaachiwa, akarudi kwake.

Nilimpelekea Thripp karatasi ya masahihisho. Akafuta miwani, akasema, "Wetherell bwana, mtu kafa miaka mia saba, nani wa kumlilia?" Nikamdharau. Yuko kaburini, na bado namdharau.

Niinue kidogo, Giles. Hapana, usimwite daktari. Thripp hakuishika ile ngozi. Aliyetumwa kunakili ni mimi, nikawahi treni, sikuigeuza. Alijua, na hakunitaja kwa mtu, kwa sababu wewe Hester ulikuwa umezaliwa wiki ile na kazi nyingine sikuwa nayo. Alikataa masahihisho ili nisifukuzwe. Nikaondoka mlangoni pake nimefurahi, mimi, halafu nikamcheka miaka yote.

Karatasi imo kwenye droo ya juu. Hester, Novemba nenda, simama kabla nyama haijaletwa, uisome yote, na jina langu ulitamke vizuri. Watacheka, waache.

Mungu awatunze, wanangu. Msi... msigombane. Hester, usisahau... hakunyongwa yule.