Dubu Hajasoma Waranti

Mbele ya duka letu la chakula cha mifugo, hapa milimani Montana, pana benchi ambalo zamani lilikuwa kiti cha basi la shule. Asubuhi halina nafasi. Profesa hukaa upande wa jua. Chuo hajakiona, ila husoma kwenye simu kila kinachoandikwa na watu wenye bastola. Kutu hukaa katikati, na jina hilo amelipata kwa sababu ya gari lake lililooza. Karibu na mlango hukaa Mzee Baruti, ambaye nyumbani kwake huunda risasi kwa mashine ya mkono na kutugawia bure ndani ya makopo ya kahawa. Mimi nauza dukani na kuwamiminia kahawa. Mwanangu mchanga hupakatwa na Mzee Baruti, maana mapajani pake halii.

Siku hizo habari ilikuwa moja tu, rivolva ya Lavonne. Lavonne ndiye dereva wa basi la shule, mjane, anaishi peke yake na mbuzi wake huko juu kwenye kijito. Theluji ilipoanza kuyeyuka, dubu alivunja zizi. Lavonne alifyatua risasi ya kwanza hewani, ya pili ardhini, na ya tatu haikutoka. Silinda, lile gurudumu la kubebea risasi, ilikwama, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Akamrushia dubu ndoo. Dubu akaondoka na mbuzi, na tangu hapo huja kunusanusa mlangoni. Rivolva ikatumwa kiwandani, kwa sababu ina waranti ya maisha, yaani kiwanda kimeahidi kuitengeneza bure siku zote.

Sasa kwetu, ukisema rivolva imekwama, ni kama umesema mto umepanda mlima. Bastola za aina nyingine hukwama. Rivolva, baba zetu walituapia, haikwami. Kwa hiyo lazima apatikane wa kulaumiwa.

— Waranti ya maisha, akasema Kutu. Maisha ya nani? Ya bastola, ya Lavonne au ya dubu?

— Ya mwanasheria wao, akajibu Profesa. Huyo ndiye atakayetuzika wote.

Profesa alishaugundua ugonjwa wa rivolva hiyo. Ni lile tundu la ufunguo walilotoboa ubavuni mwa rivolva za siku hizi, ili mtu aifunge watoto wasiichezee. Alisema bastola yenye tundu ni kama mtumbwi wenye dirisha. Kutu akamkumbusha kwamba ya kwake ina tundu hilohilo na haijawahi kukwama. Profesa akasema hiyo ni kwa sababu anaitunza. Kutu akasema ni kwa sababu haijawahi kutoka kabatini.

Lavonne alifika akiwa na koti la kazini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Gari la vifurushi halipandi kwake wakati wa matope, kwa hiyo mzigo wake angeupokea hapa. Alituambia kwamba dada wa kiwandani amempigia, sauti asali tupu, akimwita mpenzi kila baada ya neno. Wameipiga rivolva ile kutwa nzima na haikukwama hata kidogo. Wameisafisha, wanamrudishia, na wanamtakia siku njema.

— Wameipiga wapi? akauliza Kutu. Kule pana jamaa mmoja, kazi yake ni kuipuliza bastola vumbi na kuirudisha kwenye boksi. Akichoka kupuliza anaenda likizo.

Profesa akaongeza kwamba huenda kiwanda kina mkataba na wauza mbuzi. Kutu akasema mkataba ni na dubu wenyewe, na ndiyo maana dubu wa mwaka huu wamenenepa.

Mzee Baruti alikuwa akimpa mwanangu chupa ya maziwa. Aliinua kichwa polepole.

— Zamani viwanda viliheshimu watu, akasema. Usihofu, Lavonne. Nimekuundia kopo jingine la risasi. Liko garini, utapanda nalo leo.

Profesa akaitia simu mfukoni.

— Asante, Mzee, akasema Lavonne.

Wote tulijua. Mzee Baruti alipata kiharusi katikati ya baridi, miezi michache baada ya kumzika mkewe Nadine, na mkono wake wa kulia haujarudiwa na nguvu. Risasi za bastola nyepesi kama ile zinataka mdomo wa ganda ubanwe sawasawa, la sivyo kila mlio unazivuta zilizobaki, vichwa vinachomoza, silinda haizunguki tena. Kutu aliwahi kushika moja ya risasi zile, kichwa kikacheza kama jino la mtoto. Hakusema. Alilisukuma kopo chini ya kiti cha gari, akaenda kushukuru. Profesa ana makopo yake gereji. Lavonne peke yake ndiye aliyezitumia, maana Nadine alikuwa rafiki yake.

Kutu hawezi kustahimili kimya.

— Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako, akasema.

Akakisikia alichokisema. Masikio yakawa mekundu.

— Yaani nguo za kiwandani, akaongeza. Zile sare zao.

— Sare, ndiyo, akadakia Profesa, asiyedakiaga kitu cha Kutu.

Hapo ndipo gari la vifurushi lilipofika. Dereva alikuwa mgeni, dada mrefu aliyehamia kutoka mjini. Alimpa Lavonne boksi, akamwomba sahihi, kisha akasubiri aendelee kusikia, maana Kutu alishaanza upya habari ya rivolva iliyokwama na dubu wenye mkataba. Alisikiliza kwa adabu.

— Samahani wazee wangu, akasema. Siku ilipokwama, ilikuwa na risasi gani ndani?

Profesa akatazama paa. Kutu akakwangua tope kwenye buti ambalo lilikuwa safi.

— Za dukani, akasema Lavonne. Za kununua.

Mzee Baruti hakumtazama. Alikuwa anatazama ile chupa, ambayo kifuniko chake alikifunga mwenyewe, na maziwa yalikuwa yanadondoka tone tone kwenye goti lake. Aliinyoosha chupa kwangu. Nikaikaza, nikamrudishia.

— Dukani kwa huyu binti hakuna risasi za namba hiyo, akasema. Umejua tangu lini, Lavonne?

Lavonne akaketi chini kwenye ngazi, miguuni pa Mzee, akamshika ule mkono.

— Sikutaka uache kuunda, Mzee.

Mzee Baruti alimnywesha mwanangu mpaka maziwa yakaisha.

— Kutu, akasema, wewe unabeba marobota ya nyasi tangu utotoni. Leo mashine utaivuta wewe. Mimi nitapima baruti, macho bado ninayo. Profesa atafungua yale makopo yote mliyonificha, tuzibane upya. Lavonne, leo hupandi huko juu bila mtu.

— Nitalala garini mlangoni kwake, akasema Kutu. Dubu akiliona gari langu atadhani nimeshakufa.

Mzee Baruti akanisogezea kikombe.

— Na wewe, binti. Acha kunitilia nusu kila siku. Jaza. Ikimwagika, itamwagika.

Nikainamisha birika mpaka mwisho. Kikafika nusu, kahawa ikaisha.

— Birika hilo lirudishwe kiwandani, akasema Mzee Baruti.