Rangi ya Maji ya Jinja

Mwaka wa themanini na saba watu wa Malukhu, hapa Mbale, walikuwa wakiziba matundu ya risasi ukutani, na benchi la Mama Hajara, muuza kahawa ya tangawizi, lilikuwa limepata mguu mpya. Lakini siku hiyo mwenyewe hakuwa na raha. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga karatasi ya shule: mjukuu wake Nulu apelekwe Jinja kesho na darasa lake, wakaone kwenye bwawa jinsi maji yanavyotoa umeme. Karatasi ilitaka alama ya dole gumba lake, naye tangu Jumatatu alikuwa anakataa. Mwaka wa vita, sabini na tisa, alivuka daraja la bwawa lile akitoka Kampala na kaka yake Yakub, akafika ng'ambo peke yake.

— Mpe mtoto ruhusa, Mama Hajara, alisema Romano fundi redio, waliyemwita Waya. Akaone maji yanavyokamuliwa kama chungwa. Umeme unaingia kwenye nyaya, yanayobaki ni makapi.

— Makapi?

— Makapi, bwana. Ndiyo maana kule chini mto unakoishia, Misri, maharage yanachemka siku mbili na bado magumu.

— Si kukamua, alisema Semei fundi cherehani, yaani Sindano. Kuna chuma kinazunguka kama gurudumu la cherehani yangu. Maji ndiyo mguu. Na samaki akipita hapo anatoka na umeme tumboni. Shemeji yangu alimla mmoja, ulimi ukatetemeka mpaka Ijumaa.

— Shemeji yako alikunywa waragi, alisema Waya.

Omollo, dereva wa lori kutoka Kenya, jina lake la benchini Breki, akaweka kikombe chini.

— Hamjui kitu. Chini ya daraja kuna mzee mwenye ufunguo. Aliwekwa na Mwingereza. Serikali zimekuja, zimeanguka, yeye yupo tu. Hawa wa kupindua wanakimbilia redio. Wangeanza na yule mzee, vita ingekuwa ya siku moja.

— Na wewe Mkenya umejuaje?

— Umeme wenyewe si unakuja kwetu?

— Ndiyo maana sisi tunawasha mishumaa. Kunywa kahawa yako unyamaze.

Hajara alicheka mpaka akasahau karatasi. Hapo ndipo Nulu alipofika kutoka shule, akapiga magoti, akawaamkia wote.

— Mwalimu Gidudu amesema tuulize watu waliowahi kupita pale. Maji ya upande wa juu wa bwawa na ya upande wa chini, yana rangi moja?

— Mimi navuka pale kila wiki, Breki alisema polepole. Zamani askari alipanda kwenye ngazi ya lori, anasema, dereva, tazama boneti. Siku hizi hapandi, lakini shingo imezoea.

— Mimi niliona viatu vyangu, alisema Waya.

— Mimi niliona kola ya mtu wa mbele, alisema Sindano. Ilishonwa vibaya.

Hajara, siku ile ya vita, aliona maua ya kanga yake mwenyewe, magotini. Basi zima liliambiwa liiname, akainama. Akasikia mlango, akasikia Yakub akisema, "Ndiyo, afande," na alipoinua kichwa kiti kilikuwa kitupu. Miaka minane anayaogopa maji ambayo hajawahi kuyaona.

— Mwalimu amewaambia muiname mkifika? akauliza.

— Hapana, nyanya. Amesema tusogee tuangalie sana.

Wino haukuwapo. Hajara akafungua pindo, akasugua dole gumba kwenye masizi ya birika, akalikandamiza kwenye karatasi mpaka mistari yote ikatoka.

— Rangi zote mbili, alimwambia. Ya juu na ya chini. Usiniletee nusu.

Breki akanyoosha kikombe. Birika lilikuwa tupu, lakini hakuna aliyeinuka.

— Keshokutwa mtoto atakuwa amerudi, alisema Sindano. Tuje saa ngapi?